Springi, hewa, shokapu za elektroniki au saspensheni amilifu: ipi itampumzisha abiria wa nyuma?

Ukitaka kujua kama gari linakaa vizuri barabarani, usimuulize dereva. Dereva ameshika usukani, shimo analiona kabla tairi halijalifikia, na mwili wake unajikaza wenyewe hata kama akili iko kwenye mazungumzo. Muulize aliyekaa nyuma, aliyeinamia simu au anayejaribu kusinzia. Huyo hana cha kushikilia wala habari ya kinachokuja, na kila tuta linamkuta hajajiandaa. Ndiyo maana nikiombwa ushauri kuhusu gari la familia, au gari la kubebea wazee na wagonjwa, huanza na jambo moja: siku ya majaribio kaa nyuma, mwache muuzaji aendeshe.

Ila siku hizi kukaa nyuma peke yake hakutoshi, kwa sababu vipeperushi vya magari vimejaa maneno. Kila kitu "kinajirekebisha", kila kitu "kina akili". Gari lenye swichi ya kuchagua ulaini na gari lenye mota ya kuinua kila gurudumu yananadiwa kwa maneno yaleyale, ilhali yanatofautiana kama feni na kiyoyozi. Hapa nazipambanisha aina nne za saspensheni, yaani vitu vinavyoibeba bodi juu ya magurudumu, kwa kigezo kimoja tu: abiria anahisi nini. Mambo ya kupiga kona kwa kasi nitayagusa pale yanapomfikia yeye.

Kwanza, ni mtikiso upi unaomsumbua?

Watu husema gari "linarusha" au "linatupa" wakimaanisha mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Kuna mtikiso wa polepole. Gari linabembea, pua inashuka dereva akishika breki, bodi inalala upande kwenye kona. ISO 2631, kiwango cha kimataifa ambacho wahandisi hukitumia kupima mtetemo unaoingia mwilini, kinakiweka kichefuchefu cha safari kwenye mwendo wa kati ya mara 0.1 na 0.5 kwa sekunde, na mbaya zaidi ni ule wa takriban mara moja kila sekunde 5 au 6. Hauumizi mgongo, lakini mtoto atatapika.

Kuna wa kati, mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Kwa mtikiso wa juu na chini, hapa ndipo mwili wa mtu aliyeketi ulipo mwepesi zaidi kuumia. Tumbo na kifua vinacheza, sauti inakatikakatika ukiongea, maandishi kwenye simu hayasomeki. Mtu mwenye tatizo la mgongo anaujua mtikiso huu vizuri kuliko mhandisi yeyote.

Halafu kuna ule mkali, wa mara 10 kwa sekunde na kuendelea: ukingo wa shimo, maungio ya daraja, rasta. Hapa gurudumu lenyewe ndilo linaloruka chini ya gari, mara 10 hadi 15 kwa sekunde, na abiria anausikia kama kugongwa, nusu kwa mgongo na nusu kwa masikio.

Kiwango hichohicho kina ngazi za hisia zinazosaidia kuweka mambo kwenye namba. Mchapuko (jinsi mwendo unavyobadilika ghafla) wa wastani uliopimwa kwa taratibu zake ukiwa chini ya 0.315 m/s², mtu hajisikii vibaya. Ukifika kati ya 0.8 na 1.6, analalamika. Ukizidi 2, anaomba kushuka. Kabla hujasoma zaidi, amua abiria wako analalamikia mtikiso upi kati ya hiyo mitatu. Mengine yote yanategemea hapo.

Springi na shokapu za kawaida

Bodi ya gari dogo, ikiwa juu ya springi zake, hupenda kubembea mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde. Mwendo huo mwili unauvumilia vizuri, na waundaji waliulenga kwa makusudi. Maurice Olley, aliyekuwa mhandisi wa General Motors miaka ya 1930, alionyesha hata kwamba springi za nyuma zikibembea haraka kidogo kuliko za mbele, gari likivuka tuta sehemu ya nyuma huiwahi ya mbele na pua huacha kunesa. Hesabu hiyo ingali inatumika, na haihitaji waya hata mmoja.

Shida iko kwenye shokapu. Bodi ikibembea polepole unataka shokapu ngumu ya kuituliza. Gurudumu likipita juu ya kokoto na viraka unataka shokapu laini, vinginevyo kila kokoto inapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Shokapu ya kawaida ina ugumu mmoja uliopangwa kiwandani, kwa hiyo aliyeipanga alilazimika kuchagua katikati. Ya gari la kifahari huegemea ulaini na gari likabembea kama mtumbwi. Ya gari la kimichezo huegemea ugumu na abiria akahesabu kila kiraka.

Hata hivyo usizidharau. Zipo shokapu zisizo na umeme wowote ambazo mafuta yake hupata njia ya pili mtikiso unapokuwa wa haraka, zikalegea zenyewe. Zipo pia zenye kizuizi cha mafuta mwishoni mwa safari yake, ili gurudumu likizama kwenye shimo lisigonge "ngoo" bali lipunguzwe kasi taratibu. Citroën imeweka za namna hiyo kwenye magari yake ya kawaida kabisa. Kwa abiria, tofauti kati ya shokapu nzuri za kawaida na mbovu za kawaida mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti kati ya nzuri za kawaida na za elektroniki za bei ya chini. Na zikichoka, fundi yeyote anazo.

Springi za hewa

Hapa springi ya chuma imeondolewa na mahali pake pamewekwa puto la mpira lililojazwa hewa na kompresa. Faida yake kubwa ni mzigo. Springi ya chuma iliyo laini kwa watu wawili itakaa chini kwa watu watano na mabegi. Iliyo tayari kwa watu watano itakuwa ngumu kwa wawili. Puto la hewa, likiongezewa presha mzigo unapozidi, hulirudisha gari kwenye kimo chake na kubembea kwake kukabaki karibu palepale. Gari ambalo leo limebeba mtu mmoja na kesho limejaa linafaidika kweli.

Wazo hili lina umri. Cadillac iliweka hewa kwenye Eldorado Brougham ya 1957, na wamiliki wengi waliishia kuing'oa na kurudisha springi za chuma kwa sababu ya kuvuja. Miaka miwili kabla, Citroën DS ya 1955 ilikuja na njia yake: gesi ndani ya tufe la chuma, mafuta yenye presha yakiisukuma, na gari likijiweka sawa lenyewe. Wengi huitaja DS kama mwanzo wa saspensheni amilifu, ile inayosukuma gurudumu kwa nguvu yake yenyewe. Mimi siiweki huko. Ilirekebisha kimo, lakini haikupambana na tuta lenyewe.

Hilo ndilo kosa la kawaida la mnunuzi wa springi za hewa: anadhani hewa maana yake ni mto. Kwenye mawimbi marefu ya lami, ndiyo, gari linaelea. Kwenye ukingo mkali wa shimo mpira mnene wa puto una ugumu wake wa mwanzo, na baadhi ya magari ya hewa yanagonga hapo kuliko ndugu zao wa springi. Kompresa nayo hufanya kazi kwa sekunde nzima nzima, wakati tuta limeshapita zamani. Hewa inashughulikia mzigo na kimo. Mtikiso unaachiwa shokapu, na ndiyo maana magari mengi mazuri ya hewa huja pia na shokapu za elektroniki.

Nililipia somo la kuvuja mwenyewe. Niliwahi kuwa na gari la hewa la mkononi, na asubuhi moja nikalikuta limeinama kona ya nyuma kushoto kama mtu aliyekaa vibaya. Likiwashwa linanyanyuka, kwa hiyo nikaendelea nalo wiki kadhaa. Fundi alilipandisha, akachanganya sabuni na maji kwenye kopo, akapaka puto kwa brashi. Palepale kwenye mkunjo wa mpira vikaanza kutokea vipovu vidogo, kimoja kimoja, kama chungu kinachoanza kuchemka. Puto peke yake lingekuwa nafuu. Lakini kwa wiki zote hizo kompresa ilikuwa ikiwaka mara kwa mara kufukuzia hewa inayovuja, na ilikuwa imeungua. Gari la hewa likiinama, lipeleke siku hiyohiyo.

Shokapu za elektroniki, yaani saspensheni nusu amilifu

Mwaka 1974 Dean Karnopp na wenzake wawili walichapisha wazo ambalo hadi leo ndilo uti wa mgongo wa shokapu hizi. Fikiria bodi ya gari imefungwa kwa shokapu kwenye ndoano iliyoning'inia angani. Barabara ikipanda na kushuka, magurudumu yangefuata, bodi ingetulia kwa sababu imeshikwa na kitu kisichotikisika. Ndoano ya angani haipo. Lakini sensa zikiijulisha kompyuta bodi inaelekea wapi na gurudumu linaelekea wapi, kompyuta inaweza kuikaza shokapu pale tu inapoisaidia bodi kutulia, na kuilegeza pale inapoisukuma. Tena inafanya hivyo kwa kila gurudumu peke yake, ndani ya milisekunde chache.

Toyota Soarer ya 1983 ilikuwa na shokapu za kudhibitiwa kwa elektroniki, ingawa za mwanzo zilibadilika kwa hatua mbili tatu tu. Zilizopo sasa ni za namna mbili. Nyingi zina vali ya umeme inayobana au kuachia njia ya mafuta. Nyingine zimejazwa mafuta yenye chembechembe za chuma: ukipitisha umeme kwenye koili, usumaku unazipanga chembe hizo na mafuta yanakuwa mazito papo hapo. Cadillac Seville STS ndilo lililoanza kuuzwa na hizo za sumaku, mwaka 2002.

Kikomo chake kinaeleweka ukifikiria mtu aliyeshika mlango siku ya upepo. Anaweza kuukaza usijibamize, anaweza kuuachia uende; hawezi kuusukuma kwa nguvu asiyo nayo. Shokapu ya elektroniki inapinga mwendo uliopo tu. Haiinui gurudumu juu ya tuta wala haizuii kabisa bodi kulala kwenye kona. Inachelewesha kulala huko na kukufanya kuwe taratibu, ambako kwa abiria si haba.

Inachofanya vizuri ni kuondoa ule uchaguzi wa katikati. Mtikiso wa polepole unakazwa, wa kati unalegezwa, na hapo ndipo abiria anapopata nafuu kubwa, kwenye zile mara 4 hadi 8. Ford ilienda mbali kidogo: kwenye baadhi ya magari yake, sensa zikihisi gurudumu limeanza kuzama shimoni, shokapu hukazwa ili gurudumu lisifike chini kabisa, likagonga ukingo wa pili kidogo tu. Umeme unaotumika ni makumi machache ya wati, kama taa za nyumbani. Na vali ikifa, kwa kawaida unabaki na shokapu ngumu kidogo, si gari lililokaa chini njiani.

Angalizo moja kwa mnunuzi. Swichi yenye "laini" na "michezo" si ushahidi. Kuna magari ambayo swichi inabadilisha ugumu mara moja halafu unabaki vilevile hadi uibonyeze tena. Uliza: shokapu zinabadilika zenyewe kila wakati, na kila gurudumu peke yake? Kama jibu ni hapana, umelipia swichi.

Saspensheni amilifu

Sasa mlango una mtu anayeweza kuusukuma. Kati ya bodi na kila gurudumu kuna pampu, silinda ya mafuta au mota ya umeme inayoweza kuongeza nguvu, kuinua, kuvuta, hata kwenda kinyume na barabara inavyotaka.

Sifa ilianzia kwenye mbio. Ayrton Senna alishinda Monaco na Detroit mwaka 1987 akiendesha Lotus 99T yenye saspensheni hiyo, Nigel Mansell akatwaa ubingwa wa 1992 kwa Williams FW14B, na kufikia msimu wa 1994 Formula One ikawa imeipiga marufuku. Huko walitaka gari likae kimo kilekile ili upepo ulibane chini. Hakuna aliyekuwa akijali mgongo wa Mansell. Magari ya watu yalifuata kwa tahadhari. Infiniti Q45 na Toyota Soarer za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa nayo kwa idadi ndogo. Mercedes-Benz ikaileta mwaka 1999 kwenye CL: pampu ya mafuta yenye presha kubwa, silinda juu ya kila springi, ikidhibiti mwendo wa bodi hadi mara 5 hivi kwa sekunde. Gari lile halikuhitaji hata stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayozuia bodi kulala kwenye kona.

Bose, kampuni ya spika, ndiyo iliyosisimua watu zaidi. Amar Bose alianza utafiti mwaka 1980, na mwaka 2004 kampuni ikaonyesha gari lenye mota za sumaku badala ya shokapu, likivuka matuta bodi ikiwa imetulia kana kwamba imewekwa juu ya meza, kisha likaruka kiunzi. Halikuingia sokoni, mota zilikuwa nzito na ghali mno. Mwaka 2017 teknolojia hiyo ikachukuliwa na kampuni ya ClearMotion, na mifumo ya ClearMotion sasa imo kwenye NIO ET9.

Kilichobadilika ni umeme wa gari. Saspensheni amilifu ya kweli hutaka kilowati kadhaa kwa kishindo kimoja, na betri ya volti 12 haiwezi. Audi A8 ilipata volti 48 na mota kwa kila gurudumu. Porsche Panamera ya kizazi cha tatu, kwenye matoleo yenye betri kubwa, inatumia umeme wa volti 400 kuendesha pampu za mafuta. Magari ya umeme, ambayo tayari yana betri kubwa tumboni, yameifanya habari hii kuwa rahisi ghafla.

Abiria anapata nini? Breki ikishikwa, pua haishuki. Kwenye kona bodi hailali, au inalala upande wa ndani kama mwendesha pikipiki. Mercedes S-Class Coupé ya 2014 iliweza kuinama hadi nyuzi 2.5. Nilipiga hesabu hiyo: nyuzi 2.5 zinapunguza kusukumwa ubavuni kwa takriban 0.43 m/s². Kwenye kona inayokusukuma kwa 3 m/s² ni kama sehemu moja ya saba. Kikombe kitabaki pale kilipo. Lakini zile sehemu sita nyingine bado zipo, na hapa nitasema ambalo muuzaji hatalisema: kichefuchefu ndani ya gari hutokana zaidi na kusukumwa mbele, nyuma na ubavuni kuliko kupanda na kushuka. Dereva anayekanyaga breki kama anaua nge atamtapisha mtoto ndani ya gari lolote. Kabla ya kununua saspensheni amilifu kwa sababu ya kichefuchefu, badilisha dereva, au mhamishe mgonjwa kiti cha mbele ambako anaona barabara.

Baadhi zina kamera inayoisoma barabara. Mfumo wa Mercedes wa 2013 uliangalia mita 15 hivi mbele. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hizo ni sekunde 0.9, kwa kilomita 90 ni 0.6. Kwa kompyuta muda huo ni mwingi, na gurudumu linanyanyuliwa kabla tuta halijafika. Ila shimo lililojaa maji ya mvua linaonekana tambarare kwa kamera kama linavyoonekana kwetu, na gizani au kwenye vumbi kamera hupungukiwa. Mfumo ukikosa picha unarudi kwenye sensa za kawaida, hausimami.

Ubovu wake ndio unaonitia wasiwasi. Mifumo ya mafuta ina mabomba yenye presha ya mamia ya ba, matufe ya gesi yanayochoka, vali zinazoziba kwa uchafu wa mafuta yasiyobadilishwa. Bomba likipasuka gari linakaa chini na safari imeishia hapo. Mifumo ya mota za umeme imepunguza mabomba, lakini imeleta kompyuta na waya za volti kubwa, na fundi wa kawaida hapaswi kuzigusa.

Kwa haraka, bega kwa bega:

| | Kubembea na kulala kwenye kona | Mtikiso wa kati | Kugonga kukali | Umeme | Ikiharibika |
|---|---|---|---|---|---|
| Kawaida | wastani | wastani | inategemea tairi | hakuna | unaendelea na safari |
| Hewa | nzuri, hasa na mzigo | wastani hadi nzuri | wakati mwingine mbaya | kompresa, kwa vipindi | gari linainama |
| Nusu amilifu | nzuri | nzuri sana | nzuri kiasi | makumi ya wati | shokapu hukaza, unafika |
| Amilifu | bora kabisa | nzuri sana | nzuri kiasi | kilowati kadhaa | huenda ukavutwa |

Ukuta wa mara 11 kwa sekunde

Tazama tena safu ya kugonga kukali. Amilifu na nusu amilifu zimepata alama sawa, na sikukosea.

Mwaka 1990 Karl Hedrick na Tetsuro Butsuen walionyesha kwa hesabu jambo linaloudhi. Nguvu yoyote utakayoiweka kati ya bodi na gurudumu, iwe ya shokapu, pampu au mota, kuna mtikiso mmoja ambao kiasi chake kinachopita hadi kwenye bodi hakibadiliki hata kidogo. Mtikiso huo unaamuliwa na vitu viwili: ugumu wa tairi na uzito wa vilivyo chini ya springi, yaani gurudumu, breki na mikono yake. Chukua gurudumu la kilo 40 na tairi la ugumu wa niutoni 200,000 kwa mita. Utapata takriban mara 11 kwa sekunde. Palepale kwenye kuruka kwa gurudumu.

Sasa endesha kilomita 30 kwa saa kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, vijituta vikiwa umbali wa sentimita 75. Hizo ni mara 11 kwa sekunde. Gari la kifahari lenye kila kitu na gari la springi la kawaida watakuwa karibu sawa hapo, na abiria wote wawili watashika mlango.

Kinachosogeza ukuta huo ni tairi na rimu. Linganisha tairi la saizi ya 225/60 R17 na la 235/45 R19. Kwa nje yanakaribiana kimo, lakini ukuta wa mpira ni milimita 135 kwa la kwanza na 106 kwa la pili. Zile milimita 29 ndizo mto wa kwanza wa abiria, na wanunuzi wengi huzitoa bure ili rimu ionekane kubwa. Nimewahi kukaa nyuma ya magari mawili ya aina moja, siku moja, barabara moja: moja shokapu za kawaida na rimu ya 17, jingine shokapu za elektroniki na rimu ya 20. Kwenye lami ndefu la pili lilikuwa zuri. Kwenye rasta na viraka nililitamani la kwanza, na dereva wa la pili hakuelewa nalalamikia nini.

Mimi ningechagua vipi

Kama lengo ni kukaa na gari miaka mingi na abiria hawana shida maalumu, ningechukua springi za kawaida, shokapu za kampuni nzuri na rimu ndogo kuliko zote zinazokubaliwa na gari hilo. Kinachobaki kingeenda kwenye bushi na shokapu mpya wakati wake ukifika. Watu wanasubiri shokapu ivuje mafuta ndipo waibadilishe, kumbe imekufa zamani.

Mzigo unaobadilika sana, viti saba, trela: hewa, walau nyuma.

Kwa familia yenye wazee, watoto na barabara mchanganyiko, kura yangu inakwenda kwa nusu amilifu bila kusita. Inachukua sehemu kubwa ya nafuu ya saspensheni amilifu kwa umeme kidogo, na ikiharibika haikuachi njiani.

Amilifu ningemshauri mtu wa aina mbili. Wa kwanza anafanya kazi akiwa kiti cha nyuma kila siku, anasoma na kuandika, na gari likiisha muda wa dhamana analirudisha. Wa pili anambeba mtu ambaye kila mtikiso ni maumivu. Baadhi ya magari haya huinua bodi mlango unapofunguliwa, na kwa mtu wa magoti mabovu hilo peke yake lina thamani kuliko hila zote za kwenye kona. Lakini kama anayeumwa ni mmoja na kiti chake ni kilekile siku zote, fikiria kiti badala ya gari. Madereva wa malori hukalia viti vyenye saspensheni yao wenyewe miaka mingi sasa, na Bose ileile ilitoa kiti amilifu cha lori mwaka 2010.

Ukienda kujaribu, chukua chupa ya maji iliyojaa nusu, uisimamishe sakafuni kwenye miguu ya abiria wa nyuma. Pita barabara ileile kwa mwendo uleule katika kila gari: lami yenye mawimbi, tuta, viraka. Maji yakibembea taratibu toka ukuta hadi ukuta, unaangalia mtikiso wa polepole. Yakitetemeka juu kwa vijimawimbi vidogo huku chupa imetulia, ni tairi na rimu. Kisha andika maneno machache kwenye simu ukiwa nyuma, gari likitembea kwenye viraka, uhesabu makosa.

Na gari likiwa la mkononi lenye hewa au mafuta ya presha, mwombe mwenye gari aliache limezimwa usiku kucha. Jioni pima kwa tepu kutoka katikati ya kila rimu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Asubuhi pima tena kabla halijawashwa. Kona iliyoshuka kuliko nyingine ndiyo ya kuanzia mazungumzo ya bei.